Damu Inapoziba Kioo: Kutafuta Chanzo na Kuzuia Damu Katika Upasuaji wa Sakafu ya Fuvu Kupitia Puani

Anayefungua fuvu kwa juu hazuiwi na nusu kijiko cha damu. Anaifyonza na kuendelea. Kwa anayeingia puani na endoskopu ya milimita 4, yaani kamera nyembamba yenye kioo nchani, nusu kijiko hicho hicho kinatosha kukipaka kioo chote rangi nyekundu na kumwacha haoni, mahali ambapo ateri ya karotidi, inayoupelekea ubongo damu, na neva ya jicho zipo milimita chache tu kutoka ncha ya kifaa chake. Mwongozo huu nimewaandikia madaktari wa pua na wa ubongo, wataalamu wa nusukaputi na wauguzi wa thieta wanaoianza kazi hii hapa Mombasa na pwani kwa jumla, na hauanzi na vifaa bali na swali: damu hii inatoka wapi, na inatoka namna gani? Rangi yake, kudunda kwake na mahali inapochipuka ndivyo vinavyoamua tiba, kwa kuwa tiba ya damu ya aina moja huwa madhara kwa aina nyingine. Sponji inayookoa kwenye sainasi ya vena (mfereji wa damu ya vena, si zile sainasi za hewa za puani) inaweza kumpofusha mgonjwa au kumuua ikisukumwa penye ubongo.

Damu inachuruzika kila mahali na haina chanzo kimoja

Hali hii ni ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayoshughulikiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mpasuaji huitafutia jibu puani ilhali jibu liko kwenye mwili mzima. Utando wa pua unatoa damu kama sifongo iliyominywa, kila ukifyonza pamejaa tena, wala huoni mshipa wowote unaorusha. Usichome kitu bado. Simamisha mkono, kisha umwulize mtaalamu wa nusukaputi mambo matatu: mapigo ya moyo ni mangapi, shinikizo la wastani la ateri ni ngapi, na joto la mwili ni nyuzi ngapi.

Wengi hukimbilia kushusha shinikizo peke yake. Mwaka 1995 Boezaart na wenzake walilinganisha esmololi, ambayo hupunguza kasi ya moyo, na nitroprusidi, ambayo hutanua mishipa, katika upasuaji wa sainasi kwa endoskopu. Esmololi iliwapa uwanja mkavu zaidi hata shinikizo lilipokuwa limeshuka kidogo tu; nitroprusidi ilibidi ishushe shinikizo chini zaidi bila kufikia matokeo hayo. Kipimo walichotumia, cha 0 hadi 5, ambapo 0 ni uwanja usio na damu kabisa na 5 ni damu inayofanya upasuaji usiwezekane, bado tunakitumia, na mimi napenda kitajwe kwa sauti kila baada ya nusu saa ili kila mtu chumbani ajue tulipo. Kwa mgonjwa wa kawaida lenga mapigo karibu na 60 na shinikizo la wastani kati ya 60 na 70. Nusukaputi ya kupitia mshipani tu, yaani propofoli pamoja na remifentanili, kwa kawaida hutoa uwanja bora kuliko gesi, ambazo hutanua mishipa. Mzee aliyeishi na shinikizo la juu kwa miaka mingi ni habari nyingine: ubongo na figo zake zimezoea shinikizo kubwa, na kumshusha hadi 60 ili mpasuaji aone vizuri ni kumlipisha deni lisilo lake.

Angalia pia kitanda. Kitanda kizima kiinamishwe kuelekea miguuni ili kichwa kiwe juu kwa nyuzi 15 hadi 20. Vilevile hakikisha shingo haikupindwa wala kubanwa na kamba ya mrija wa hewa, kwani vena za shingo zikizuiwa damu hurudi puani, na hapo hakuna dawa itakayosaidia mpaka kamba ilegezwe.

Joto la mwili ndilo linalosahauliwa zaidi katika mji wetu, pengine kwa sababu hakuna anayefikiri kwamba mtu anaweza kupoa Mombasa. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika hospitali moja nisiyoitaja, nilihangaika karibu saa nzima na mchuruziko usiokoma. Nilibadilisha pamba, nikaongeza adrenalini, nikachoma palipostahili na pasipostahili. Muuguzi aliyekuwa akizunguka, mama aliyekaa thieta miaka mingi kuliko mimi, aliinua shuka upande wa miguuni, akashika kifundo cha mgonjwa, akaniambia, «Daktari, samahani, hebu kwanza tushughulikie miguu hii. Ni baridi kama samaki wa kwenye barafu.» Kipimo cha joto kilikuwa kimechomoka bila mtu kujua, kiliporudishwa kilisoma 34.6. Nje jua lilikuwa linapasua vichwa, ndani kiyoyozi kilikuwa kimewashwa tangu alfajiri na maji ya kusafishia yalikuwa yametoka moja kwa moja kwenye stoo yenye ubaridi. Tulipunguza kiyoyozi, tukamfunika kwa blanketi la hewa moto, tukapasha maji, na kabla ya dakika 40 kwisha utando ulikuwa umetulia. Chini ya nyuzi 36 chembe sahani huanza kulegea kazini na vimeng'enya vya kugandisha damu hupungua kasi, wala kipimo cha maabara hakitakuonyesha jambo hilo, kwa kuwa maabara huipasha sampuli hadi nyuzi 37 kabla ya kuipima.

Baada ya hayo ndipo urudi puani. Vipande vya pamba vyenye uzi vilivyoloweshwa adrenalini ya 1:1000 viwekwe kwa dakika kamili, si kwa kugusa na kutoa. Adrenalini hii ni ya kupaka peke yake. Ile ya kudunga, pamoja na lignokeini ya ganzi, ni ya 1:100,000 au karibu na hapo, na mabakuli mawili yakifanana mezani siku moja mtu atadunga isiyodungwa. Tia rangi bakuli la kupaka na uandike jina lake kwa herufi kubwa. Ikiwa shinikizo litaruka ghafla baada ya pamba kuwekwa, toa pamba kwanza, ongeza kina cha usingizi, na usiharakishe kutoa dawa inayokandamiza moyo: mishipa ikiwa imebana hivyo, moyo uliopunguzwa nguvu unaweza kushindwa na maji yakajaa mapafuni.

Maji ya chumvi yenye joto la takribani nyuzi 40, yakimiminwa taratibu kwa dakika mbili au tatu, hutuliza mchuruziko wa utando vizuri ajabu, nayo ni rahisi kuliko kila kitu kwenye rafu. Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia bonge la damu lisiyeyuke, gramu 1 mshipani mwanzoni mwa upasuaji, husaidia. Ila mwulize mgonjwa kwanza kuhusu historia ya kuganda kwa damu miguuni au kifafa.

Damu haigandi hata kwenye beseni

Ikiwa damu iliyokusanyika haifanyi mabonge, na sehemu ilipoingizwa sindano ya dripu nayo inavuja, tatizo ni la damu yenyewe. Mara nyingi mgonjwa alikuwa akitumia dawa ambayo hakuitaja. Aspirini husimamishwa siku 7 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7, warfarini siku 5 na kipimo cha INR, cha kuganda kwa damu, kiwe chini ya 1.5, daima kwa makubaliano na daktari wa moyo, hasa kama mgonjwa ana stenti, kimrija cha wavu kinachouacha mshipa wa moyo wazi. Hapa kwetu neno «dawa» halitoshi. Ukimwuliza mzee wa Kibokoni kama anatumia dawa atakujibu hapana kwa moyo safi, kwa sababu vitunguu saumu vilivyopondwa ndani ya asali anavyokula kila asubuhi, au habasoda, kwake ni chakula na ni tiba ya dini, si dawa. Uliza kwa majina, na umwombe binti au mke aliyemsindikiza akutajie kilichopo jikoni na kwenye kabati.

Sababu nyingine ni upasuaji wenyewe kuwa mrefu: damu iliyopotea imejazwa kwa maji matupu, au mgonjwa ameongezewa chupa kadhaa za damu na sitrati iliyomo imefunga kalsiamu yake. Pima kalsiamu, hemoglobini, chembe sahani na muda wa kuganda. Kwa kazi iliyo karibu na ubongo chembe sahani ziwe zaidi ya 100,000. Rudisha kalsiamu na plazima pamoja na chembe nyekundu, si chembe nyekundu peke yake.

Maradhi ya selimundu yapo kwa wingi katika ukanda wetu wa pwani, na kila kitu tunachokifanya ili tupate uwanja mkavu, yaani kushusha shinikizo, kumkausha mgonjwa na kumwacha apoe, ndicho kinachomletea mwenye maradhi hayo hatari. Kipimo chake kifanywe kabla, hata kwa mtu mzima asiyelalamika.

Uwanja ni mkavu lakini kioo kinachafuka

Damu inatoka mbele, nyuma ya ncha ya endoskopu, na kutiririka juu ya shina lake. Rudisha kioo hadi tunduni mwa pua na uangalie ukuta wa kati na vichwa vya konka, ile mikunjo ya ukuta wa pembeni wa pua, ambako vifaa husugua kila vinapoingia. Mara nyingi unga mdogo wa selulosi au mguso mmoja wa baipola, koleo la umeme la kuchomea mishipa, unatosha.

Mshipa mmoja mwekundu unadunda kwenye ukuta wa pua

Ukitokea pembeni mwa koana, yaani tundu la nyuma la pua, chini ya tundu la sainasi ya sfenoidi, huo ni tawi la ateri ya sfenopalatini linaloelekea kwenye ukuta wa kati, ambalo hukatwa kila mtu anapopanua mlango wa sfenoidi kuelekea chini. Lichome kwa baipola kwenye kisiki chake. Lakini jiulize kwanza kama upande huo ndio ulioukusudia kwa kipande cha utando cha kuzibia tundu la fuvu, kile kilichoelezwa na Hadad na Bassagasteguy mwaka 2006: kipande hicho kinaishi kwa ateri hiyo hiyo, na ukiichoma kwa pupa umejinyang'anya kifuniko utakachokihitaji saa mbili baadaye. Usiridhike pia kwamba tawi «limeacha lenyewe». Limejikunja tu chini ya adrenalini, nalo ndilo linalomrudisha mgonjwa usiku wa siku ya sita akiwa ameshika beseni.

Ukitokea juu, kwenye dari ya ethmoidi, ni ateri ya ethmoidi ya mbele. Hofu si damu unayoiona bali ile usiyoiona, kwani ateri iliyokatika inaweza kujirudisha ndani ya tundu la jicho na kuvujia humo. Ndiyo maana macho hayafunikwi kwa kitambaa cha upasuaji. Yaachwe yaonekane, na muuguzi ayaguse kwa kidole kila baada ya muda. Jicho likitokeza, likawa gumu kama jiwe, na mboni ikapanuka, mkasi wa kukata kona ya nje ya kope na ukano wake wa chini uwe mkononi papo hapo, kwa sababu retina hupoteza uhai wake ndani ya saa moja na nusu au chini ya hapo.

Damu inatoka kwenye mfupa

Nta ya mfupa, au drili yenye ncha ya almasi ikizungushwa juu ya mahali hapo kwa maji machache kwa sekunde chache ili unga wa mfupa uzibe vitundu. Usizidishe: drili isiyo na maji hupasha moto, na neva ya jicho iko jirani.

Damu nyeusi inafurika bila kudunda

Umefungua vena. Karibu na tezi ya pituitari itakuwa sainasi ya kavernosi au zile zinazounganisha pande zake mbili. Nyuma, kwenye mfupa wa klivasi, itakuwa mtandao wa vena wa basila. Inatisha kwa wingi wake, lakini shinikizo lake ni dogo, na jambo baya unaloweza kulifanya ni kuichoma. Kuta za sainasi haziungui zikafunga. Hujikunja, na tundu huwa kubwa zaidi.

Weka jeli ya jelatini iliyochanganywa na thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, au kama haipo, na mara nyingi haipo, kipande cha sponji ya jelatini kilichoviringwa na kuloweshwa thrombini au maji ya chumvi. Juu yake weka pamba, na juu ya pamba weka kifaa, ukikandamiza kwa uzito wa kidole kinachoshika yai. Kisha ngoja kwa saa ya ukutani. Kwangu muuguzi ndiye mwenye saa, na mimi sina ruhusa ya kuinua pamba mpaka aseme. «Dakika ya tatu, daktari.» Mkono unataka kuchungulia. «Ya nne.» Kabla ya ya tano sichungulii, kwa maana kila ukichungulia unang'oa bonge lililokuwa linashika na kuanza hesabu upya. Sakshen, mrija wa kufyonzea, wakati huo iwe juu ya pamba, si juu ya sponji, na sauti yake inakueleza mambo: ikigeuka kutoka kubwabwaja hadi mluzi mkavu, damu imesimama.

Usisukume sponji ndani kwa nguvu. Neva za tatu, nne na sita zinapita humo, na mgonjwa aliyeingia akiwa na macho mazima ataamka akiona vitu viwili viwili. Kichwa kiko juu na vena iko wazi, kwa hiyo hewa nayo inaweza kuingia. Kaboni dioksidi ya pumzi ikishuka ghafla bila sababu, mimina maji uwanjani, shusha kichwa, na umpe mtaalamu wa nusukaputi nafasi.

Uvimbe wenyewe unatoa damu

Sehemu kubwa ya jibu iko kabla ya siku ya upasuaji. Kijana wa kiume anayetokwa na damu puani mara kwa mara na ana uvimbe nyuma ya pua asikatwe kipande cha kupima. Achukuliwe kuwa ana angiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu, hadi picha za CT na MRI zikanushe, na mishipa yake izibwe kwa njia ya angiografia (mrija unaopitishwa ndani ya mishipa kwa kuongozwa na picha) saa 24 hadi 72 kabla. Kwa meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, anza kwenye mzizi wake mfupani, ukate chakula chake, kisha uutoe ndani kidogo kidogo kabla ya kugusa ganda. Uvimbe wa pituitari ukiendelea kutoa damu baada ya kuonekana umekwisha, kwa kawaida haujaisha. Kilichobaki ndicho kinachotoka damu, na kikiondolewa mchuruziko hukoma.

Damu iko ndani, penye ubongo

Hapa kanuni zinageuka. Usipakie kitu, kwa sababu ukiziba mlango damu haikukoma, imeenda ndani tu ambako huioni. Mimina maji ya uvuguvugu bila kukoma mpaka uone tone linakotoka, kisha baipola yenye ncha nyembamba imguse mshipa huo mmoja. Vishipa vidogo vinavyolisha makutano ya neva za macho havichomwi; selulosi ndogo na subira ndiyo dawa yake. Kamwe usivute ganda la uvimbe lililoshikamana.

Damu nyekundu inajaza pua kwa mpigo mmoja

Hii ni karotidi mpaka ithibitike vinginevyo. Ni nadra: mwaka 2013 madaktari wa Pittsburgh waliripoti majeraha 7 ya karotidi katika wagonjwa 2,015 waliopasuliwa sakafu ya fuvu kupitia puani. Hatari huongezeka kwa kodoma (uvimbe wa mfupa wa sakafu ya fuvu) na vivimbe vya gegedu, kwa wagonjwa waliopigwa mionzi, na kwa wanaopasuliwa mara ya pili.

Sema neno lenyewe, «karotidi», kwa sauti ya kawaida, ili kila mmoja aende mahali alipopangiwa kabla ya upasuaji kuanza. Wapasuaji wawe wawili. Mmoja anaiweka endoskopu kwenye tundu la pua lisilopokea mrusho na kuilinda. Mwingine anaingiza sakshen pana upande wa pili na kuuelekeza mrusho ndani yake. Mtaalamu wa nusukaputi hashushi shinikizo la damu. Hapo ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Ubongo wa upande huo unategemea shinikizo hilo kupata damu kutoka upande wa pili, kwa hiyo anajaza mishipa, anaita damu, na kulishikilia shinikizo lilivyokuwa.

Wakati huo mtu wa tatu anakata kipande cha msuli pajani, pale palipooshwa na kufunikwa tayari tangu asubuhi. Kipande chenye urefu wa takribani sentimita 2 kinapondwa kati ya vyuma viwili mpaka kiwe kama nyama laini, kisha kinawekwa juu ya tundu la ateri na kushikiliwa bila kuondoka, dakika 10 au zaidi. Wormald na wenzake wa Adelaide, waliofanya majaribio kwa kondoo, ndio walioonyesha jinsi msuli uliopondwa unavyofanya kazi pale ambapo sponji husombwa na mrusho. Ikiwa huna msuli, shashi iliyokazwa itasimamisha damu, ila ikikazwa kupita kiasi huifunga ateri yote na kumletea mgonjwa kiharusi.

Damu ikisimama, upasuaji umekwisha siku hiyo. Mgonjwa anakwenda angiografia akiwa bado amelala. Kama hospitali yako haina mtu wa kuziba au kuwekea ateri stenti kwa njia ya mshipa, ujue kabla ya kumlaza nani atampokea, kwa simu gani, na gari au ndege gani. Nairobi ni karibu kilomita 480 kwa barabara, na mipango hiyo haifanywi huku mkono mmoja umeshika pamba. Hata angiografia ya kwanza ikiwa safi, irudiwe baada ya wiki moja au mbili, na tena baada ya miezi, kwa sababu kifuko cha ukuta wa ateri kinaweza kujitengeneza polepole na kupasuka nyumbani.

Baada ya kutoka thieta

Hesabu pamba kwa nyuzi zake na shashi ya kooni kabla ya kumwamsha. Damu iliyopotea isomwe kwa kutoa maji yaliyomiminwa, ambayo kiasi chake kinaandikwa ubaoni kila chupa inapofunguliwa. Usiku wa kwanza uoni upimwe kila saa. Ukipungua, mgonjwa aende CT mara moja na thieta iandaliwe wakati picha inapigwa.

Kabla ya kumruhusu, muulize analala wapi. Aliye Ganjoni na aliye ng'ambo ya Likoni hawapewi maagizo sawa, kwani wa pili ana kivuko katikati, na saa nane za usiku foleni yake haina huruma. Kwa wiki mbili za kwanza akae kwa ndugu aliye kisiwani ikiwezekana, asipenge kamasi, asiinue ndoo, na damu yoyote inayotiririka kwa muda mrefu kuliko dakika 10 imlete hospitali, hata kama imesimama njiani.